Meli Ikingoja Nje ya Bandari, Ni Nani Alipaye?

Mkulima wa kahawa aishiye katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, huenda asiione bahari maisha yake yote. Gunia lake la kahawa, hata hivyo, halina budi kuiona. Likitoka shambani huchukuliwa mpaka ghala ya chama, na kutoka ghalani hupelekwa kwa lori au kwa gari moshi mpaka Mombasa, mwendo wa yapata kilometa elfu moja, na huko hungoja meli. Meli hiyohiyo ichukuayo kahawa ndiyo iletayo mabati, mbolea, ngano na vipuri vya baiskeli ambavyo mkulima yule atavikuta dukani.

Nauli ya meli, malipo ya bandari, nauli ya reli na gharama za kungoja, zote hizo hutolewa katika bei ya kahawa kabla mkulima hajapewa fedha yake. Kisha huongezwa juu ya bei ya bati anaponunua. Basi mtu huyu hukatwa mara mbili: mara moja akiuza, na mara ya pili akinunua. Ndiyo sababu habari za bandari si habari za watu wa pwani peke yao.

Wenye meli hawapendi kungoja. Meli iliyotia nanga nje ya bandari yaendelea kula mafuta, na mabaharia wake waendelea kulipwa, wala haichumi kitu. Bandari ikijulikana kuwa na msongamano, makampuni ya meli huongeza nauli ya kila tani iendayo huko, na nyongeza hiyo haiondolewi upesi. Hakuna mwenye meli ambaye amepata kuilipa nyongeza hiyo kwa mfuko wake mwenyewe.

JINSI MELI INAVYOINGIA

Jina la Kilindini latokana na kilindi, yaani maji marefu. Mahali hapo ni pazuri kwa meli kubwa, lakini mlango wake umepakana na miamba, na mikondo ya maji hubadilika kwa kupwa na kujaa. Kwa hiyo nahodha, hata akiwa amekwisha izunguka dunia mara nyingi, hampiti rubani wa bandari. Rubani huenda kuipokea meli baharini, hupanda ngazi ya kamba, na kumwongoza nahodha mpaka ndani. Mashua zenye injini za nguvu, ziitwazo tagi, huikamata meli na kuisukuma taratibu mpaka gatini. Wale wavukao Likoni kila asubuhi wamezoea kuona kivuko kikisimama ili kuipisha meli. Dakika hizo chache huwakera wenye haraka, lakini meli ya tani elfu nyingi haiwezi kusimama ghafula kama motakaa.

Kwa desturi ya bahari, meli itokayo nchi za nje huinua bendera ya manjano, maana yake yaomba ruhusa ya daktari wa bandari. Ruhusa ikipatikana, maofisa wa uhamiaji huangalia karatasi za mabaharia, na watu wa forodha huangalia orodha ya shehena. Wakala wa meli naye amekwisha tafuta mahali pa gati, na kreni, na wapakuzi, na banda la kuwekea mizigo. Na reli yapaswa kuwa na mabehewa tayari.

Ugumu wenyewe ndio huu. Kazi hizi zimo mikononi mwa watu mbalimbali, tena wenye wakubwa mbalimbali, lakini zimefungamana. Behewa lisipofika, banda hujaa. Banda likijaa, kreni haina pa kuweka mzigo. Kreni ikisimama, meli haiondoki gatini, na ile iliyo nje haiingii. Mtu akiitazama bandari iliyojaa meli zinazongoja hudhani kwamba yahitaji magati zaidi. Mara nyingi sivyo. Huenda ugonjwa wenyewe uko Nairobi, katika uchache wa injini za reli, au mpakani, ambako malori yamepanga mstari wa maili kadhaa kwa sababu ya muhuri mmoja wa ofisini.

RELI NA BANDARI CHINI YA MKUBWA MMOJA

Watawala wa zamani waliliona jambo hili mapema. Reli ya Uganda ilianzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali paitwapo Kisumu siku hizi, mwaka 1901. Tangu hapo reli na bandari zilikuwa kama mtu na kivuli chake. Katika miaka ya 1920 magati ya maji marefu yalijengwa Kilindini, na meli zikaacha kupakuliwa kwa matishari. Majahazi yaliendelea kutumia Bandari ya Kale upande wa pili wa kisiwa, yakija na kaskazi na kurudi na kusi.

Mpaka mwaka 1948 yalikuwako mashirika mawili. Moja liliendesha reli na bandari za Kenya na Uganda. La pili liliendesha reli na bandari za Tanganyika. Tarehe 1 Mei 1948 yaliunganishwa kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Bandari ya Unguja haikuingizwa humo. Ilibaki chini ya serikali ya Unguja.

Faida ya muungano huo ilikuwa kwamba mkubwa mmoja aliweza kuona mambo yote pamoja. Mombasa ikisongamana, na mabehewa yakiwa yamelala bure mahali pengine, shauri lilikatwa katika ofisi moja. Na shauri la namna hiyo lilihitajika sana, maana baada ya Vita vya Pili vya Dunia mizigo iliongezeka kuliko ilivyotazamiwa, na katika miaka ya kwanza ya 1950 msongamano ulikuwa taabu kubwa Mombasa na Dar es Salaam. Katika Dar es Salaam meli zilikuwa bado zikitia nanga katikati ya bandari na kupakuliwa kwa matishari. Magati matatu ya maji marefu yalikamilika huko mwaka 1956. Tanga iliendelea na matishari yake kwa miaka mingi baadaye.

Si kila jambo lililopangwa na wakubwa lilifaulu. Mtwara ulijengewa bandari nzuri ya maji marefu, ikafunguliwa mwaka 1954, kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947. Lakini mradi wenyewe ulikuwa umekwisha achwa tangu mwaka 1951, baada ya kupotea yapata pauni milioni 36. Karanga hazikuja. Reli iliyotandikwa toka Mtwara kwenda bara iling'olewa katika miaka ya kwanza ya 1960. Bandari yenyewe ilibaki, na hatimaye ikapata kazi yake kwa korosho za kusini. Hata hivyo ilingoja miaka mingi, na gharama ya kungoja huko nayo ilikuwa na mwenye kuilipa.

Jambo jingine lililosahauliwa mara nyingi katika mipango ni watu. Wapakuzi wengi wa Mombasa walikuwa vibarua wa siku: meli ikiwapo hupata kazi, isipokuwapo hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa Januari 1947 ulitokea mgomo mkubwa ulioshika mji mzima wa Mombasa, na mwezi wa Machi 1955 wafanyakazi wa bandarini waligoma tena, akaja Bwana Tom Mboya kutoka Nairobi kusaidia kuleta mapatano. Migomo ile iliwaonyesha wakubwa kwamba kreni mpya haifai kitu kama mtu aiendeshaye hana hakika ya posho yake ya kesho.

Tena yalikuwako manung'uniko baina ya nchi na nchi. Watu wa Tanganyika walisema kwamba Mombasa ilipendelewa, kwa kuwa makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi. Manung'uniko hayo hayakuwa bure. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967, na katika mwaka 1969 shirika likagawanywa: reli zikabaki na makao yao Nairobi, na bandari zikapata shirika lake, makao yake Dar es Salaam. Hivyo ugomvi mmoja ulitulizwa, lakini kwa kutenganisha behewa na gati, mambo ambayo mwaka 1948 yalikuwa yamewekwa pamoja kwa makusudi.

MWAKA 1977 NA BAADAYE

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwezi wa Februari mwaka huo, wala haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mali zilizokuwa za wote, yaani injini, mabehewa, meli za ziwani na majengo, zilibaki kwa kila nchi kama zilivyokutwa, na mapatano ya kuzigawa yalitiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984 tu, baada ya kazi ndefu ya mpatanishi Mswisi, Bwana Victor Umbricht. Tanzania iliunda mamlaka yake ya bandari mwaka 1977, na Kenya ikaunda Halmashauri ya Bandari mwezi wa Januari 1978.

Walioumia zaidi ni wale wasio na pwani. Kwao bandari ni mlango wa nyumba yao uliojengwa katika ua wa jirani. Wabelgiji walilifahamu jambo hili zamani: walipotawala Kongo, Ruanda na Urundi, walifanya mapatano na Waingereza mwaka 1921, wakapewa sehemu zao wenyewe katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja yaonekana kama mzaha, lakini maana yake ilikuwa kubwa: mizigo ya Kongo ilipita Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha wa Tanganyika.

Baada ya mwaka 1977 nchi hizo zilihitaji ahadi za namna hiyo upya. Mwaka 1985 Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mapatano ya njia iitwayo Ushoroba wa Kaskazini, yaani barabara, reli na njia nyingine zitokazo Mombasa kwenda bara, na Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, ikaingia mwaka 1987. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2012. Tanzania nayo ilifanya mapatano na Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo mwaka 2006 juu ya Ushoroba wa Kati, uanzao Dar es Salaam.

Yafaa kueleza kwa mfano mapatano haya yanafanya nini. Tuseme kontena, yaani kasha kubwa la chuma, limefika Mombasa likiwa na mabati ya mfanyabiashara wa Kampala. Kwa kuwa mabati hayo si ya Kenya, hayatozwi ushuru wa Kenya. Lakini Kenya yapaswa kuwa na hakika kwamba hayatauzwa njiani, Nakuru au Eldoret, bila ushuru. Kwa hiyo zamani mwenye mzigo alitakiwa kuweka dhamana, kontena likatiwa lakiri, likakaguliwa njiani, likasimamishwa Malaba kwa Wakenya, likavushwa, likasimamishwa tena kwa Waganda, na hapo ndipo ushuru wa Uganda ulipoanza kuhesabiwa. Dereva alilala mpakani siku kadhaa.

Mwaka 2014 nchi za Jumuiya mpya, ile iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999, zilianza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha. Sasa maofisa wa forodha wa Uganda wako Mombasa. Ushuru wa mabati yale huhesabiwa na kulipwa kabla kontena halijatoka bandarini, na habari zake hupelekwa kwa mitambo mpaka Kampala. Lakiri ya umeme huwaonyesha maofisa mahali lori lilipo. Malaba na Busia maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja, na lori husimama mara moja badala ya mara mbili. Safari ya mzigo toka Mombasa mpaka Kampala, iliyokuwa ikichukua zaidi ya majuma mawili, ilipungua ikawa ya siku chache. Hakuna gati hata moja lililojengwa ili kupata faida hiyo. Kilichoondolewa ni karatasi.

Umuhimu wa kuwa na njia zaidi ya moja ulionekana wazi mwezi wa Januari 2008. Wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, barabara zilizibwa na reli iling'olewa Kibera. Meli zilikuwa bandarini na mafuta yalikuwa Mombasa, lakini Uganda na Rwanda petroli iliadimika na bei ikapanda. Tangu hapo wafanyabiashara wengi wa bara hawapendi kutegemea mlango mmoja. Leo wanunuzi wa Kigali hutumia zaidi Dar es Salaam. Wa Kampala hutumia zaidi Mombasa. Na wote hupima bei na siku.

MASHINDANO NA USHIRIKIANO

Kwa hiyo Mombasa na Dar es Salaam hushindana, na mashindano hayo yamemfaa mwenye mzigo. Mombasa ilipita makontena milioni moja kwa mwaka, kwa hesabu ya makontena ya futi 20, katika mwaka 2014, na ilipita milioni mbili mwaka 2024. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli katika gati lake la kwanza mwezi wa Mei 2021.

Lakini yako mambo ambayo bandari haziwezi kushindana juu yake bila hatari, na la kwanza ni usalama. Tuseme meli mbovu, yenye mashua za kuokolea zilizotoboka, imekataliwa Mombasa mpaka itengenezwe. Ikiwa bandari ya jirani itaipokea bila swali ili kupata malipo yake, mkaguzi wa Mombasa amefanya kazi bure, na mabaharia watakufa mahali pengine. Kwa sababu hiyo nchi za Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilipatana mwaka 1998 kukagua meli za kigeni kwa kanuni moja na kupelekeana habari, hata meli iliyozuiwa mahali pamoja ijulikane kwingine kote. Mwaka 2006 kituo cha kuongoza uokoaji baharini kilifunguliwa Mombasa, kwa kazi ya pwani hii yote, siyo ya Kenya peke yake. Na maharamia wa Kisomali walipoteka meli nyingi, nchi za eneo hili zilikutana Djibouti mwezi wa Januari 2009 na kupatana juu ya kupeana habari na kuwashitaki wakamatwao. Wakuu wa bandari za Afrika ya Mashariki na ya Kusini wenyewe wana chama chao tangu mwaka 1973, na makao yake ni Mombasa.

MELI MBILI ZA ZIWANI

Huko Ziwa Viktoria ndiko hasara ya kuachana ilikoonekana kwa macho. Katikati ya miaka ya 1960 shirika la pamoja lilileta meli mbili za namna moja, zilizojengwa Scotland: moja iliitwa Uhuru, na ya pili Umoja. Sitaha za meli hizo zilitandikwa reli. Gari moshi lilirudi nyuma mpaka gatini Kisumu, mabehewa yakasukumwa ndani ya meli, na upande wa pili, Mwanza au Port Bell, yakavutwa na injini nyingine. Behewa lililopakiwa Kilindini liliweza kufika Mwanza bila kifurushi kimoja kushushwa.

Jumuiya ilipovunjika, Uhuru ilibaki Kenya, na Umoja ikabaki Tanzania. Kila nchi ilikuwa na meli, lakini njia ilikuwa ya wote, na meli isiyo na gati la kuiendea upande wa pili haina kazi. Biashara ilihamia barabarani, juu ya malori ambayo hutumia mafuta mengi kwa kila tani na kuharibu lami. Usalama wa ziwani nao ulidhoofika. Mwezi wa Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Sheria moja ya usafiri wa Ziwa Viktoria kwa nchi zote za Jumuiya ilipitishwa mwaka 2007.

Uhuru ilikaa Kisumu bila kazi zaidi ya miaka kumi, kutu ikiila. Mafundi waliitengeneza upya, na mwezi wa Desemba 2019 iling'oa nanga tena ikiwa na mabehewa ya mafuta, kwenda Port Bell.